Uchambuzi wa Kisa: Kuchagua Herufi za Kadi za Maandishi kwa Filamu Bubu ya Dar es Salaam

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi kidogo cha watengenezaji filamu wa Dar es Salaam waliotengeneza filamu fupi isiyo na mazungumzo ya kusikika, yenye muziki peke yake, ambayo hadithi yake inatukia Kariakoo mwaka 1924. Kichwa cha filamu, majina ya wahusika na baadhi ya mambo ya hadithi vimeondolewa au vimebadilishwa ili watu wasitambulike. Mlolongo wa maamuzi kuhusu herufi umeachwa kama ulivyokuwa. Mwandishi wa uchambuzi huu aliitwa kazi ikiwa imefika katikati, kwa ajili ya kupitia Kiswahili cha kadi, kwa hiyo hatua za mwanzo zimeelezwa kwa kufuata kumbukumbu za kikundi na faili za majaribio walizokuwa wamezihifadhi.

Kadi za maandishi ni zile picha za maneno zilizopachikwa katikati ya matukio ya filamu bubu ili kueleza mahali, muda au kauli za wahusika. Zilidumu kwa muda wote wa enzi hiyo, tangu miaka ya mwanzo ya sinema hadi sauti iliposhika hatamu baada ya mwaka 1927. Katika miaka ya mwanzo nyingi zilipangwa kwa herufi za madini ya risasi za viwanda vya uchapaji, lakini kadiri kampuni za filamu zilivyokua, kazi hiyo ilichukuliwa na wachoraji wa kuajiriwa ambao walichora kila kadi kwa brashi na kisha ikapigwa picha. Alfred Hitchcock, kabla ya kuwa mwongozaji, aliingia katika filamu huko London kwa kazi hiyohiyo ya kubuni kadi. Jambo hili lina uzito katika kisa chetu, kwa sababu mtu anayetafuta leo fonti ya filamu bubu mara nyingi anatafuta kitu ambacho hakikuwa fonti.

Kikundi kilikuwa na mwongozaji, mtayarishaji, mhariri wa picha na dizaina mmoja aliyezoea kutengeneza mabango ya matamasha na vifungashio vya bidhaa. Kadi zilizohitajika zilizidi 30, ambazo ni nyingi kwa filamu fupi, lakini mwongozaji aliieleza hadithi yake kwa kauli za watu kuliko kwa vitendo, na hakuwa tayari kupunguza.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi: mtu aliyekuwa mpagazi wakati wa vita anarudi mjini kudai fedha aliyomwachia jamaa yake. Kariakoo ilifaa kwa sababu jina lake lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokuwa na kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916.

Chaguo la kwanza: herufi zilizochakaa

Agizo la mwongozaji kwa dizaina lilikuwa la sentensi moja: kadi zionekane za zamani. Dizaina alirudi na mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa fonti ya mtindo wa Broadway, yenye mistari minene upande mmoja na myembamba mno upande wa pili, ambayo watu wengi huihusisha na sinema. La pili lilikuwa fonti ya kupakua bure mtandaoni, iliyotengenezwa makusudi ionekane imekwaruzwa, imemomonyoka pembeni na kufifia kama chapa ya muhuri uliokauka wino.

Pendekezo la kwanza lilikataliwa na mtayarishaji, na sababu yake ilikuwa sahihi. Herufi za Broadway zilibuniwa na Morris Fuller Benton wa American Type Founders mwishoni mwa miaka ya 1920, yaani baada ya mwaka wa hadithi na karibu kabisa na mwisho wa filamu bubu zenyewe. Zinaikumbusha sinema ya miaka ya 1930, yenye kumbi za fahari na taa za umeme, wala si kadi ya mwaka 1924. Mjumbe mmoja alipendekeza Times New Roman kwa hoja kwamba ni ya kizamani. Hiyo nayo ilianza kutumika katika gazeti la The Times la London mwaka 1932. Kosa la aina hii ni la kawaida, kwa kuwa fonti tulizozikuta kwenye kompyuta za kwanza za ofisini zote zinaonekana kuwa na umri mmoja.

Pendekezo la pili lilikubaliwa bila mjadala mrefu, na kadi zote zikatengenezwa kwa fonti ile iliyochakaa. Mhariri aliongeza juu yake michirizi, vumbi na mtikisiko wa picha.

Onesho la majaribio

Filamu ilioneshwa kwa majaribio katika ukumbi mdogo Kinondoni, kwa projekta ya kawaida na kitambaa cheupe, mbele ya watazamaji wa rika mbalimbali wakiwemo wazee kadhaa. Kikundi kilitarajia maoni kuhusu uigizaji na muziki. Maoni waliyopata yalihusu kusoma.

Mambo matatu yalijitokeza. Kwanza, wazee waliacha kusoma mapema, wakawa wanawauliza vijana waliokaa karibu nao kadi imesema nini. Pili, hata vijana walilalamika kwamba kadi zilikuwa zikiondoka kabla hawajamaliza. Tatu, na hili ndilo lililowashtua watengenezaji, sehemu ya watazamaji iliielewa vibaya kauli iliyobeba hadithi nzima.

Kauli hiyo ilikuwa ya mpagazi akimlalamikia shemeji yake kuhusu jamaa aliyeshika fedha: «Hakunipa hata senti moja.» Katika fonti ile, herufi «a» ilikuwa ya umbo la duara lenye mguu, na ukwaruzo ulikuwa umekula sehemu ya juu ya duara hilo. Kutoka safu za nyuma ilionekana kama «u». Watu walisoma «Hukunipa hata senti moja», wakadhani mpagazi anamshutumu shemeji aliyesimama mbele yake, na kwa dakika kadhaa zilizofuata wakamtazama mtu asiye na hatia kama mwizi. Mwongozaji alikuwa amepanga mashaka katika filamu yake, lakini si hayo.

Baada ya onesho, dizaina alizitazama tena kadi zake na kugundua jambo jingine. Ukwaruzo wa fonti hauko kwenye karatasi, uko ndani ya umbo la herufi, kwa hiyo kila «a» ina kovu lilelile mahali palepale. Katika maandishi ya Kiingereza hali hiyo inaweza kupita bila kuonekana, lakini Kiswahili kimejaa «a». Kadi iliyosema «Akakaa, akamtazama, akanyamaza» ilikuwa na makovu pacha yaliyojipanga mstari mzima, na jicho likishayaona halirudi tena kwenye maneno.

Uchunguzi wa mfano halisi

Hapo ndipo kikundi kiliposimamisha kazi na kwenda kutazama maandishi ya kipindi husika badala ya kuyakisia. Walitazama vitu vya aina mbili: kadi za filamu bubu za Marekani na Ulaya ambazo leo zinapatikana bila haki miliki, na maandishi yaliyochapwa Tanganyika miaka ileile.

Katika kadi waliona kwamba filamu iliyohifadhiwa vizuri au iliyosafishwa ina herufi safi, nene kiasi, za mviringo, zenye nafasi ya kutosha kati yake. Mara nyingi maneno yalikuwa meupe juu ya weusi, kwa kuwa kadi nyeupe tupu ingewamwagia watazamaji mwanga mkali gizani na kuonesha kila punje ya vumbi. Kauli ziliwekwa ndani ya alama za kunukuu na maelezo ya msimulizi yakaachwa bila alama. Michirizi tunayoihusisha na filamu hizo ni ya nakala zilizopita katika projekta nyingi na kukaa miaka mingi kwenye makopo. Mtazamaji wa mwaka 1924 aliyeketi mbele ya nakala mpya hakuiona. Kikundi kilikuwa kimetafuta uchakavu, na kilichohitajika kilikuwa kipindi. Kwa maoni yangu huu ndio mzizi wa kisa chote, na matatizo mengine mengi yalijiponya yenyewe ulipotambuliwa.

Upande wa Tanganyika walitazama kurasa za Mambo Leo, jarida la Kiswahili lililoanza kutolewa Dar es Salaam na idara ya elimu mwaka 1923. Maandishi yake yalikuwa ya herufi za kawaida za vitabu, zenye serifi, yaani vile vimistari vidogo vinavyomalizia ncha za herufi. Hapakuwa na pambo la kustaajabisha. Ushahidi huu ulimvunja moyo mwongozaji kidogo, maana alitaka kadi zivutie macho, lakini ulimsaidia dizaina kuelewa kwamba msomaji wa Kiswahili wa wakati ule alizoea ukurasa mtulivu.

Herufi za Kijerumani zilizokatika

Mwongozaji alikuwa na wazo jingine ambalo hakuliacha kirahisi. Sehemu moja ya filamu inarudi nyuma hadi kabla ya vita, chini ya utawala wa Wajerumani, na alitaka kadi za sehemu hiyo ziandikwe kwa Fraktur, zile herufi zenye pembe kali zilizotumiwa katika uchapaji wa Kijerumani, pamoja na gazeti la walowezi la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililotolewa Dar es Salaam tangu mwaka 1899. Kama pambo wazo lilikuwa zuri. Kama chombo cha kusomea Kiswahili lilishindwa kwenye jaribio la kwanza.

Katika Fraktur herufi «u» na «n» zinakaribiana sana, na «m» inafanana na mistari ileile ikiwa imeongezwa mmoja. Neno kama «mwanamume» au «ananunua» lilitokea kwenye kadi kama ua wa miti uliosimikwa wima, usioonesha wapi ubao mmoja unaishia na mwingine unaanzia. Isitoshe, hoja ya kihistoria nayo haikusimama: gazeti la Kiswahili la wakati wa Wajerumani, Kiongozi, lililotolewa Tanga, lilichapwa kwa herufi za Kirumi. Wajerumani wenyewe, kwa maneno mengine, hawakumwandikia Mswahili kwa Fraktur.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa kuiruhusu Fraktur mahali pamoja tu, kwenye kichwa cha gazeti la Kijerumani linaloonekana mezani kwa karani, ambapo mtazamaji hatakiwi kusoma bali kutambua. Kauli zote zikabaki katika herufi za Kirumi.

Ilizuka pia hoja ya hati za Kiarabu, ambazo watu wengi wa pwani walizitumia kuandikia Kiswahili kabla ya shule za serikali kueneza za Kirumi, na ambazo zilionekana hata kwenye kanga za mwanzo. Ndani ya filamu kuna barua ambayo mpagazi anapelekewa na mama yake. Kikundi kilikubali barua hiyo iandikwe kwa mkono kwa hati ya Kiarabu na mzee anayeijua, ioneshwe kwa muda kamera ikiwa karibu, na ndipo ifuate kadi yenye maneno yake kwa herufi za Kirumi. Huu ulikuwa uamuzi bora kuliko yote katika kazi hii, na haukugharimu chochote zaidi ya karatasi, wino na heshima ya kumfuata mzee nyumbani kwake kwa wakati unaomfaa.

Fundi wa mabango na «a» tatu

Baada ya uchunguzi zilibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutumia fonti nzuri iliyofufuliwa kutoka kipindi husika. Iliyopendwa ilikuwa Sorts Mill Goudy, inayofuata herufi za Goudy Old Style ambazo Frederic Goudy alizibuni mwaka 1915, na ambayo hutolewa kwa leseni huria. Ilikuwa na mwaka sahihi na tabia ya upole. Hata hivyo, mistari yake myembamba ilikuwa ikipotea kwenye weusi wa skrini, hasa video ilipobanwa ili itumwe kwa simu. Cooper Black ya mwaka 1922 ilijaribiwa pia, ikawa na tatizo la kinyume. Picha ya filamu bubu ni ya uwiano wa nne kwa tatu, si pana kama televisheni za leo, na ukishaweka fremu pembeni nafasi ya maneno inabaki ndogo. Kwa herufi nene kiasi kile, neno moja kama «Hawatakuruhusu» lilijaza mstari, na ama lingekatwa kwa kistari ama lingepunguzwa ukubwa hadi faida ya unene ipotee.

Njia ya pili ilikuwa kuchora kadi zote kwa mkono, kama ilivyofanywa zamani. Dar es Salaam ina watu wenye ujuzi huo: mafundi wanaochora majina ya maduka, bei za saluni na maneno ya nyuma ya magari. Kikundi kilimwendea fundi mmoja mwenye umri mkubwa, ambaye kazi zake zimepungua tangu mabango ya kuchapwa kwa mashine yawe nafuu. Alichora kadi ya kichwa cha filamu kwa rangi nyeupe ya maji juu ya kadi nyeusi iliyonunuliwa katika maduka ya vifaa vya shule Kariakoo, na kila aliyeiona alikubali kwamba hakuna fonti ingeifikia.

Lakini kadi zaidi ya 30 kwa mkono zilizidi bajeti, na palikuwa na tatizo la kiutendaji ambalo mhariri alilisema mapema: maneno ya kadi hubadilika hadi siku ya mwisho ya uhariri, na kila badiliko lingemaanisha kumrudia fundi. Dizaina akapendekeza njia ya kati. Fundi achore alfabeti nzima, kisha michoro iingizwe kwenye kompyuta kwa skana na kugeuzwa kuwa fonti kwa FontForge, programu ya bure ya kutengenezea fonti.

Dizaina alimwomba fundi achore kila herufi mara moja, kwa unadhifu. Mazungumzo yao ya hapo yanastahili kunukuliwa kama yalivyosimuliwa. Fundi aliuliza, «Kijana wangu, hii 'a' moja utaiweka kote?» Dizaina akajibu, «Ndiyo mzee, kompyuta itairudia yenyewe.» Fundi akasema, «Basi hiyo siyo kazi ya mkono tena. Mimi 'a' zangu hazifanani hata kwenye neno moja. Nikuchoree kadhaa, wewe utazichanganya.» Akachora «a» tatu, «i», «k», «n» na «u» mbilimbili, na herufi nyingine moja moja. Bila kutumia lugha ya wataalamu wa fonti, alikuwa ametoa suluhisho la tatizo lilelile la makovu pacha.

Ndani ya FontForge dizaina aliweka kanuni ya kubadilisha maumbo hayo kwa zamu, ili «a» mbili zinazofuatana zisiwe sawa. Programu ya kuhariri video waliyokuwa nayo haikuifuata kanuni hiyo, kwa hiyo kadi zilipangwa kwanza katika Inkscape, programu ya kuchorea, na kupelekwa kwa mhariri zikiwa picha. Njia hii ni ndefu kidogo, lakini ilimlazimu mhariri kuwa na orodha moja ya kadi zenye namba, na utaratibu huo ulizuia makosa mengi ya matoleo.

Ritifaa, leseni na fremu

Mambo matatu madogo yalichukua muda usiolingana na udogo wake. La kwanza ni ritifaa ya «ng'». Fonti ile ya awali haikuwa na ritifaa iliyopinda, na kompyuta, bila kusema lolote, iliazima kijistari kilichonyooka kutoka fonti nyingine, ikakipachika katika «ng'ambo» na «akang'aka». Kwenye skrini kubwa kilionekana kama msumari. Fundi aliombwa achore ritifaa yake, na iliwekwa karibu zaidi na «g» kuliko mashine ilivyopenda.

La pili ni leseni. Mtayarishaji alipoanza kujaza fomu za kuipeleka filamu kwenye tamasha, alitakiwa kuthibitisha haki za kila kilichomo, na ndipo ilipobainika kwamba fonti ya awali ilikuwa ya bure kwa matumizi binafsi pekee. Kufikia hapo ilikuwa imeshaachwa kwa sababu nyingine, kwa hiyo hapakuwa na madhara. Kama ingekuwa imependwa na watazamaji, kikundi kingelazimika ama kumlipa mbunifu wake ama kutengeneza upya kadi zote wiki ya mwisho.

La tatu ni fremu. Pendekezo la kwanza lilikuwa nakshi za milango ya Zanzibar, yenye minyororo na mawaridi yake. Nakshi hizo ni nzuri, lakini zimeshabandikwa kwenye kila kalenda, menyu na chupa ya maji kiasi kwamba zinasema «utalii» kabla hazijasema «1924». Kikundi kilichagua mistari miwili myembamba na, kwenye pembe ya chini, herufi za mwanzo za jina la kikundi, kwa kufuata desturi ya kampuni za filamu bubu zilizoweka alama zao kwenye kadi ili kuwazuia wezi wa nakala.

Muda wa kadi kwenye skrini

Tatizo la kadi kuondoka mapema halikuwa la herufi peke yake, ingawa lilionekana hivyo. Mhariri alikuwa amefuata kanuni mojawapo ya enzi za filamu bubu inayotenga futi moja ya filamu kwa kila neno. Filamu ya milimita 35 ina picha 16 kwa futi, na kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde hiyo ni sekunde moja kwa neno. Aliongeza sekunde moja ya tahadhari na kuamini kwamba amekuwa mkarimu.

Kanuni hiyo ilitungwa kwa lugha ya maneno mafupi. Kadi iliyosema «Hawatakuruhusu kuondoka kabla hujawalipa» ina maneno manne, kwa hiyo ilipewa sekunde tano. Ina silabi 18. Baada ya majaribio ya kusoma kwa sauti ndogo, wakiwemo wazee, kikundi kilikubaliana kuhesabu silabi tatu kwa sekunde na kuongeza sekunde moja na nusu za kuliwezesha jicho kutulia. Kadi hiyo ikapata sekunde saba na nusu. Kwa kadi za silabi chache tofauti haikuwa kubwa. Kwa kadi zenye vitenzi virefu ilikuwa tofauti kati ya kusoma na kutosoma.

Mhariri alipinga kwa hoja nzito: filamu ingerefuka na mwendo wake ungelegea. Mwongozaji, ambaye awali hakutaka kupunguza neno hata moja, ndiye aliyelegeza msimamo. Kadi kadhaa za maelezo ziliondolewa kabisa, hasa zile zilizosema kilichokuwa tayari kinaonekana kwenye picha, na nyingine zikafupishwa. Urefu wa filamu haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Kuhusu tahajia, kikundi kiliamua kutumia Kiswahili cha maandishi cha leo, ingawa mwaka 1924 usanifishaji ulikuwa bado. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930. Tahajia ya kale iliachiwa kibao cha duka kinachoonekana mtaani. Nilishauri hivyo na bado naona ni sawa, kwa kuwa mtazamaji anayesimama kushangaa tahajia huwa ameshatoka kwenye hadithi.

Matokeo

Katika onesho la pili, ukumbini palepale na sehemu ya watazamaji wakiwa wale wale, malalamiko ya kutosomeka hayakujitokeza tena. Kauli ya «Hakunipa» ilieleweka kwa maana yake. Wazee walisoma wenyewe, na mmoja wao aliisoma barua ya hati ya Kiarabu kwa sauti kabla kadi yake haijatokea, jambo lililowafanya vijana wa safu ya mbele wageuke kumtazama. Baadhi ya watazamaji vijana walisema kadi za awali zilikuwa na «uzee» zaidi, nao walikuwa na haki ya kuona hivyo; picha ya filamu bubu waliyonayo kichwani imetokana na matangazo na video za kuchekesha, ambamo michirizi ndiyo alama ya uzee.

Mwongozaji alibakiza mtikisiko mdogo sana wa picha na akaufanya weusi wa kadi usiwe mweusi kabisa. Vumbi na michirizi viliondolewa kwenye kadi zote.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Agizo la kwanza ndilo lililoponza. Kusema kadi «zionekane za zamani» kulimwachia dizaina kazi ya kuigiza umri, naye aliifanya vizuri. Agizo lingetaja mwaka, mahali na umbali wa mtazamaji wa mwisho kutoka kwenye skrini, fonti zote mbili za mwanzo zingeondolewa siku hiyohiyo.

Kisa cha «Hakunipa» kinaonesha kwa nini herufi za mapambo zinahitaji tahadhari ya pekee katika Kiswahili. Nafsi, ukanushi na wakati hukaa ndani ya kitenzi, mara nyingi katika irabu moja. Irabu ikisomwa vibaya haizai neno lisilo na maana ambalo msomaji angelisahihisha kichwani mwake. Huzaa neno jingine lililo sahihi kabisa, na msomaji huendelea bila kushuku. «Alinipa» na «ulinipa», «hataki» na «hutaki», «anakuja» na «unakuja» zikiwa mbali na zimefifia: hayo ndiyo maneno ya kujaribia fonti, kuliko sentensi za mfano zinazokuja nayo, ambazo zilitungwa kwa lugha nyingine. Dizaina wa kisa hiki sasa ana kadi ya majaribio yenye maneno hayo, pamoja na «mwanamume», «ng'ambo» na «akakaa», ambayo huiangalia akiwa amesimama upande wa pili wa chumba.

Uamuzi wa kumtumia fundi wa mabango ulifanikiwa kwa sababu alisikilizwa. Kikundi kingeweza kuichukua alfabeti yake ya umbo moja moja na kuishia na fonti safi isiyo na kovu, lakini yenye ukavu uleule wa mashine. Hata hivyo malipo yake yaligusia michoro tu. Hapakuwa na makubaliano ya maandishi kuhusu nani anamiliki fonti iliyotokana nayo, na kikundi kilirudi kuyaandika baada ya mtu wa nje kuomba kuinunua. Makubaliano hayo, yanayompa fundi sehemu ya kila mauzo, yalipaswa kutangulia skana.

Onesho la majaribio lilifanyika filamu ikiwa imekamilika, jambo lililofanya marekebisho kuwa ghali. Kadi tatu tu zilizooneshwa ukutani kwa watu wachache, kabla ya kutengeneza zilizobaki, zingefichua karibu kila tatizo lililoelezwa hapa. Kikundi hakikufanya hivyo kwa kuwa kilidhani kadi ni sehemu ya urembo wa filamu, na urembo hushughulikiwa mwishoni.

Jambo moja halikutatuliwa. Fundi hakuchora tarakimu, wala herufi «q» na «x», kwa kuwa hazikuwemo katika kadi za hadithi. Orodha ya majina ya mwisho wa filamu ilizihitaji, na dizaina aliipanga yote kwa Sorts Mill Goudy, akiinenepesha mistari yake kidogo. Tofauti inaonekana, na mwongozaji ameamua kuiacha hadi toleo litakalopelekwa kwenye matamasha ya nje, ambalo pia litahitaji tafsiri chini ya kila kadi na, kwa hiyo, fremu yenye nafasi zaidi upande wa chini.